Aliyekaa Mlangoni

Kazi yangu ni kusema mbele ya watu. Kwenye barua ya ajira imeandikwa vingine, kwamba mimi ni afisa ugani wa uvuvi na mazao ya samaki, lakini ukinifuata wiki nzima kutoka Musoma hadi Bunda, kisha turudi pamoja kupitia Butiama, utaniona nafanya jambo moja tu: nasimama, nawasha kompyuta, nasema. Nimelifanya miaka mingi kiasi kwamba nikiingia mahali walipokaa watu zaidi ya kumi, hata msibani, macho yangu yanatafuta kwanza soketi ya umeme iko wapi.

Nataka kueleza jinsi nilivyojifunza kuwashika wasikilizaji wasiniponyoke, na siku moja nilipofaulu kupita kiasi. Siku hiyo mwanamke mmoja alipoteza nafasi ambayo wenzake walikuwa wamemwamini nayo kwa miaka. Sikumwibia wala kumsema vibaya. Nilimfanya anisikilize, basi.

Mwanzo wangu ulikuwa mbaya. Semina ya kwanza niliyoiendesha na projekta ilikuwa Bunda, kwenye ukumbi ulio karibu na stendi, na wasikilizaji walikuwa viongozi wa kamati za mialo, yaani zile sehemu za ufukweni ambapo mitumbwi huteremsha samaki. Nilikuwa nimeandaa slaidi arobaini na kitu, kila moja imejaa maandishi kutoka juu hadi chini, na nikawa nazisoma moja baada ya nyingine kwa sauti ya mtu anayesoma risala. Wale wazee walijua kusoma. Walikuwa wanaimaliza slaidi kabla yangu, halafu wanakaa kunisubiri nifike walipo. Baada ya nusu saa, bwana mmoja wa mstari wa mbele alinyanyuka, akageuza kiti chake cha plastiki taratibu, bila ubishi wowote, akakaa kuelekea dirishani ambako mabasi ya Mwanza yalikuwa yanaingia na kutoka. Nilitamani kumkemea. Nilipotazama nje mwenyewe nikaona kweli mabasi yalikuwa na mambo mengi kuliko mimi.

Butiama ilikuwa aina nyingine ya adhabu. Pale wasikilizaji wangu walikuwa watumishi wenzangu, na kila mmoja alikuwa na kishikwambi au laptop mbele yake. Vichwa vyote chini, vidole vinatembea. Nilifurahi, nikadhani wanaandika ninachosema, mpaka nilipomwona mmoja anatabasamu. Nilikuwa naeleza jinsi samaki anavyooza. Hakuna kitu cha kutabasamu katika samaki anayeoza, kwa hiyo nikajua alikuwa kwingine kabisa. Kisha umeme ukakatika, picha ikapotea ukutani, na kwa kuwa sikuwa na la kusoma nikaanza kusimulia tu jinsi mama yangu, pale Musoma, alivyokuwa akipita sokoni na kuwajua dagaa walioharibika kabla hajawafikia, pua ikiwa imetangulia hatua tatu. Vichwa vikainuka kimoja kimoja. Mmoja akauliza swali, wa pili akambishia. Umeme uliporudi nikawasha projekta kwa furaha, nikaendelea nilipokuwa nimeishia, na vichwa vyote vikarudi chini. Siku ile niliondoka na hasira, ila sikujua nimkasirikie nani.

Aliyeniokoa ni dada mmoja wa ofisini kwetu, mkubwa kwangu kwa miaka ishirini hivi, ambaye alikuwa amefundisha watu tangu enzi za ubao na chaki na sasa alikuwa anahesabu miezi ya kustaafu. Nilimwomba aje anisikilize siku moja. Alikaa nyuma, akatafuna karanga zake, na tulipotoka akaniambia, "Mdogo wangu, muda wote umeongea na ukuta. Umewapa watu kisogo saa nzima halafu unashangaa hawakutazami."

Alinifundisha mambo machache, na yote yalikuwa mepesi mno kwa mtu aliyejiona msomi. Picha ikae ukutani tu wakati inasema kitu ambacho mimi siwezi kukisema. Ikimaliza, niizime, chumba kirudi kwangu. Maandishi yasizidi mstari mmoja. Nisiguse laptop nikiwa nasema, kwa sababu nikiitazama mimi, wote wataitazama. Na la mwisho alilisema akiwa ameshika mkono wangu, kama mtu anayetoa siri ya familia. "Kila chumba kina mtu mmoja ambaye ameshaondoka ila bado amekaa. Usihangaike na wale wengine. Mtafute huyo. Ukimpata, usimgombeze. Mpe kazi, ashike hata waya. Akirudi yeye, wamerudi wote."

Nilijaribu, na ilifanya kazi kuliko dawa. Kulikuwa na aliyesinzia, nikampa kazi ya kugawa karatasi. Kulikuwa na mbishi, nikamkabidhi saa anitunzie muda, naye akageuka mlinzi wangu. Nilipata hata rimoti ndogo ya kubadilishia picha, na hiyo nikawa nampa yule aliyekuwa mbali zaidi kimawazo, maana hakuna anayeweza kubonyeza kitufe na kuwaza shamba lake kwa wakati mmoja. Watu wakaanza kuniita kwa jina la mwalimu. Ofisi nyingine zikaanza kuniazima. Kichwa kilivimba, sikatai.

Ndipo nikatumwa Murangi.

Kulikuwa na kikundi cha akina mama wanaokausha dagaa, kama thelathini hivi. Dagaa wa ziwa letu huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka mitumbwi hupumzika. Akina mama nao hupumzika, wakisubiri. Nilifika kwao asubuhi iliyofuata usiku wa kwanza wa uvuvi baada ya mapumziko hayo, kwa hiyo ufukwe mzima ulikuwa umetandikwa nyavu kuukuu, na juu ya nyavu dagaa, wembamba, wanang'aa, wengi kiasi cha uwanja wa mpira. Walikuwa wanaanza kukauka. Ndicho nilichokuwa nimekuja kukisema: waache kuanika chini mchangani, watengeneze vichanja, meza ndefu za miti na nyavu, dagaa wapate hewa juu na chini. Nilikuwa na video nzuri niliyoipiga mwenyewe kwenye mwalo mwingine.

Mwenyekiti wao alikuwa mama mfupi mwenye sauti iliyofika kabla yake. Alitupeleka kwenye jengo lililowahi kuwa ghala la pamba, zamani pamba ilipokuwa ikisafirishwa kwa ziwa, na sasa lilikuwa chumba cha mikutano cha kijiji. Ukuta mzito, matundu ya hewa juu karibu na bati, hakuna madirisha. Kulikuwa na mlango mmoja mpana wa mabati, wa vipande viwili, unaotazama ziwa. Jenereta ilikuwa nyuma ya ukuta ikinguruma.

Nilimwona mapema. Wakati wa sala ya kufungua, wakati wa utambulisho, wakati mwenyekiti akieleza historia ya kikundi, alikuwepo mama mmoja wa makamo, kitambaa cha bluu kichwani, amekaa juu ya kreti la soda pale pale kizingitini, nusu ndani, nusu nje. Alikuwa ametugeuzia mgongo. Wenzake walipopiga makofi, naye alipiga, ila bila kugeuka. Nikasema moyoni, huyu hapa, ndiye aliyeondoka.

Isitoshe, mlango ule ulikuwa unanimalizia picha. Mwanga wa ziwa ulikuwa unaingia wote, na ukutani dagaa wangu walionekana kama doa la maji. Kwa hiyo nilikuwa na matatizo mawili, na suluhisho lilikuwa moja.

"Mama wa mlangoni," niliita kwa uchangamfu, "mbona umetupa mgongo? Karibu mbele."

Aligeuka kidogo. "Mwalimu, mimi nakaaga hapa."

"Leo utakaa na mimi. Nina kazi yako."

Wenzake wakacheka, wengine wakapiga vigelegele kama anaitwa bibi harusi. Yeye hakucheka. Alimtazama mwenyekiti, na nakumbuka vizuri kwamba mwenyekiti alitazama nje, akanitazama mimi, halafu akatikisa kichwa kukubali. "Nenda tu. Mgeni amekuita. Jua lenyewe hili."

Alikuja. Nikaomba mlango ufungwe, wakaufunga, na chumba kikawa cheusi isipokuwa ule mraba wa mwanga ukutani. Nikampa rimoti. Nikamwonyesha: hapa mbele, hapa nyuma. Alibonyeza kwa kidole cha shahada, kwa nguvu, kama anayekamua jipu, na picha ikaruka. Chumba kizima kikashangilia. Akabonyeza tena. Akaziba mdomo kwa kiganja, akicheka, na kuanzia hapo nikawa nimempata.

Sijawahi kuwa na saa kama ile. Nilisema kidogo, nikanyamaza, nikampa ishara, akabonyeza. Nilizima picha, nikauliza, wakajibu kwa pamoja na kubishana. Simu ya mtu ililia na mwenyewe akaizima bila hata kuitazama. Video ilipoanza, dagaa wa watu wengine wakiwa juu ya vichanja, akina mama wakiwageuza kwa mikono, sauti ikitoka kwenye spika zangu mbili, wote thelathini walisogea mbele kwenye viti kwa pamoja. Hakuna aliyetoka, hata kwenda kujisaidia. Yule wa kitambaa cha bluu alikuwa amesimama kando yangu, rimoti kifuani, mdomo wazi kidogo. Nilimtazama nikafurahi, tena furaha kweli, ya kifuani. Niliwaza, laiti yule bwana wa Bunda aliyegeuza kiti angeniona.

Sauti ilipoanza juu yetu, nilidhani ni spika. Ilikuwa kama mtu anamwaga mchele juu ya bati, kidogo, halafu mwingi. Hakukuwa na radi. Kabla sijaelewa, viti vilikuwa vimeanguka na watu wako mlangoni, wanasukumana, maana mlango ule hufunguka kwa kuuvuta ndani, na walio mbele hawakuweza kuuvuta kwa sababu ya walio nyuma. Mtu akapiga kelele, "Rudini! Rudini nyuma!" Wakarudi, mlango ukavutwa, na nje kulikuwa kijivu. Mvua ilikuwa inakuja kimshazari kutoka ziwani, na ufukwe wote ulikuwa umeshalowa.

Walikimbia. Nilitoka nami, nikashika ncha ya wavu, nikaambiwa si hiyo, nikashika nyingine, nikagundua namzuia mtu. Waliwakunja dagaa na nyavu zao, wakawarundika chini ya turubai, wakarudi kwa wengine, nguo zimewaganda mwilini. Dagaa mkavu akipata mvua unaweza kumwanika tena. Aliye nusu kavu akilowa na kurundikwa anachacha, vichwa vinakatika, na hafai tena kwa chungu cha mtu yeyote. Anakwenda kusagwa chakula cha kuku. Wale walikuwa nusu kavu. Nilirudi ndani kuchukua koti langu, na video ilikuwa bado inaendelea kwenye chumba kitupu. Jua lilikuwa linawaka ukutani.

Mvua haikudumu. Ilipita kama mtu aliyekuja kuchukua kitu chake. Akina mama wakarudi ndani wanachuruzika maji, wakakaa. Mimi nilikuwa nazungusha waya wa projekta mkononi. Nilikuwa nimeanza kuelewa, ila sikuwa nimeelewa chote.

Mwenyekiti alisimama. Sauti yake safari hii ilikuwa ndogo. "Nani alikuwaga mlangoni?"

Wote walijua. Ila utaratibu ulitaka aseme mwenyewe.

"Ni mimi," akasema yule mama. Kitambaa cha bluu kilikuwa kimeshuka shingoni.

"Na ulikuwa wapi?"

Alitazama mkono wake. Alikuwa bado ameishika rimoti yangu. Alikuwa amekimbia nayo mvuani na kurudi nayo. "Nilikuwa nabonyeza," akasema.

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akasema kuanzia leo mlango atakaa mwingine, akamtaja, msichana mmoja mwenye mtoto mgongoni, na wengine wakaitikia kwa chini. Ilichukua muda mfupi kuliko ile sala ya kufungua. Yule mama akaja kwangu, akaipangusa rimoti kwa upindo wa khanga yake mpaka ikakauka, akanirudishia kwa mikono miwili. "Asante, mwalimu," akasema.

Mimi ndiye niliyekuwa nimemwita. Mwenyekiti ndiye aliyekuwa ametikisa kichwa. Tulikuwa wawili tuliojua hivyo, na tulitazamana mara moja juu ya vichwa vya wale wengine, halafu mimi nikaendelea kuzungusha waya. Ningeweza kusema. Maneno yenyewe hayakuzidi matano: kosa ni langu, nilimwita mimi. Mtu ambaye kazi yake ni kusema mbele ya watu alikosa maneno matano. Nimeona aibu mara nyingi katika maisha yangu, lakini ile bado naionea aibu nikiwa peke yangu.

Wakati nasubiri barabara ikauke kidogo gari lipite, mwenyekiti alinieleza, bila kunilaumu, kwa namna unavyomweleza mtoto njia. Pale kwao, dagaa wakiwa juani, popote akina mama wanapokutana, iwe kanisani, msibani au kwenye kikao, mmoja hukaa mlangoni kwa niaba ya wote. Anaangalia wingu linakotoka, anasikiliza upepo umegeukia wapi. Akiona, anasema neno moja, "Anueni," na hata kama padri yuko katikati ya mahubiri, wanatoka. Si zamu. Anachaguliwa mwenye jicho na pua ya kazi hiyo, na huyu alikuwa amekaa mlangoni miaka kumi na zaidi bila kukosea.

"Sisi tunasikilizaga kwa sababu yake," alisema. "Yeye akiwepo pale, mimi hata nikilala, nalala."

Nilirudi Musoma na maneno hayo. Mialo yote niliyopita, nikajisifu nimewashika watu, sikuwahi kuuliza nani amekaa mlangoni. Labda kila mahali alikuwepo. Labda usikivu wote ule niliouona kuwa wangu uliwezekana kwa sababu kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakunisikiliza kabisa. Ofisini niliandika ripoti. Kwenye kipengele cha ushiriki niliandika kwamba washiriki walikuwa wasikivu sana, jambo ambalo lilikuwa kweli, na mkuu wangu alipigia mstari sentensi hiyo kwa kalamu ya kijani.

Nilimsimulia yule dada wa karanga, siku ya mwisho mwisho kabla hajastaafu. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, na uso wake ukabadilika.

"Nilikuambia umtafute aliyeondoka," alisema. "Sikukuambia umuulize ameenda wapi. Hilo nakubali ni langu." Akapangusa maganda ya karanga mapajani. "Lakini la kuzungusha waya ni lako."

Nilikaa miezi kadhaa kabla ya kurudi Murangi. Nilikuwa na sababu za kazi, kuona kama vichanja vimejengwa, lakini sababu yangu hasa ilikuwa yale maneno matano. Nilikwenda bila projekta, bila jenereta. Nilikuwa na picha sita tu nilizochapisha kwenye karatasi kubwa. Vichanja vitatu vilikuwa vimejengwa, vimesimama vizuri, dagaa juu yake na wengine bado chini kwenye nyavu. Nikaomba tukae pale pale nje, pembeni ya dagaa. Yule msichana alikuwa amekaa ukingoni, mtoto sasa anatambaa, na yeye akiwa ametazama ziwa kama alivyotakiwa.

Yule mama alikuwa mbele kabisa. Sikumtarajia hapo. Amekaa chini, miguu ameinyoosha, mikono pajani, ananitazama.

Nilianza na la moyoni. "Akina mama, kabla ya somo, ile siku ya mvua..."

"Mwalimu," mwenyekiti alinikatiza, kwa adabu, ila kwa ile sauti yake kubwa. "Ile imeisha. Tuendelee na somo."

Niliwatazama wengine. Waliinamisha macho. Kikundi kilikuwa kimeshalimaliza jambo lile kwa namna yake, na mimi nilikuwa nataka walifungue ili nipate nafuu. Nikaendelea na somo.

Nimesema nimefundisha miaka mingi. Sijapata msikilizaji kama yule mama siku ile. Hakutazama pembeni hata mara moja. Nilipoinua picha, alitazama picha. Nilipoishusha, akarudi usoni kwangu. Nilipouliza tofauti ya kuanika juu na chini, alijibu yeye, neno kwa neno kama nilivyokuwa nimesema mimi, hata na makosa yangu. Wenzake walitazama watoto, mitumbwi, kuku waliokuwa wanavizia dagaa. Yeye alinitazama mimi. Kitu nilichokitafuta tangu Bunda kilikuwa mbele yangu kimekaa mchangani, na sikuweza kukivumilia. Nilianza kukosea maneno.

Nikiwa kwenye picha ya nne, niliona kidevu chake kikiinuka kidogo. Pua ilivuta hewa mara moja, fupi, kama mtu aliyesikia harufu ya kitu kinachoungua jikoni kwa jirani. Macho yake yaliondoka kwangu, lakini hayakufika ziwani. Aliyarudisha. Akashusha kidevu, akatulia, akaendelea kunitazama. Nilimtupia jicho yule msichana wa ukingoni. Alikuwa anamtoa mwanawe mchanga mdomoni. Ziwa lilikuwa tulivu, wala sikuona wingu lolote.

Nilisubiri yule mama aseme. Niliendelea kuzungumza huku nikimsubiri, sijui nilikuwa nasema nini. Hakusema. Alikuwa amekaa pale na mvua yote kichwani mwake, mikono pajani, akinisikiliza.

"Anueni!" nilipiga kelele, katikati ya sentensi yangu mwenyewe.

Waliduwaa. Mwenyekiti akatazama juu, akanitazama kama nimepandwa na kitu. Halafu upepo ukafika, wa baridi, kutoka upande ule ambao hakuna aliyekuwa anautazama, na wote wakaruka. Safari hii nilijua ncha ya kushika. Tulikuwa tumeshawarundika karibu wote chini ya turubai matone ya kwanza yalipoanguka, na tukakimbilia ndani ya lile ghala, tukicheka kidogo, tunahema.

"Mwalimu," mwenyekiti akaniuliza, "umeonaje wewe? Mimi sijaona kitu."

"Sikuona," nilisema. Nilisema kwa nguvu, wote wasikie. "Ameona yeye. Mimi nilikuwa namtazama yeye."

Nikamwonyesha. Wote wakageuka. Msichana yule akamsogeza mtoto kiunoni na kutazama chini. Mwenyekiti alifungua mdomo, na nilijua, kwa uhakika kabisa, kwamba kama yule mama angeitikia hata kwa kichwa, angerudishiwa mlango wake pale pale.

"Hapana," akasema yule mama. Alikuwa anakamua maji kwenye kitambaa chake cha kichwani, polepole, mpaka tone la mwisho. "Mimi nilikuwa nakusikiliza wewe, mwalimu."